Wakuu naomba msaada: "mambo vipi" ya mtaani kwa Kifini inasemwaje? Sio ile ya kitabuni

Mnyalu wa Kaskazini (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nipo Finland, Tampere, nasoma huku napiga kazi za usafi, kozi yangu ni ya Kiingereza kwa hiyo Kifini changu ni cha kuokoteza okoteza. Sasa kuna jamaa mmoja wa hapa hapa hatujawasiliana kitambo kidogo, nataka nimtumie meseji WhatsApp kishkaji tu kumjulia hali. Programu ya kujifunzia inanipa "Kuinka voitte?" ambayo niliwahi kumwambia mtu akaniangalia kama nimekuja kumpima presha. Nataka ile ya watu wanaojuana, isiyo na uzito. Msinipe ya Google tafadhali, na kama kuna mtu anajua ajibu haraka maana nataka nitume leo leo kabla hajalala, hawa wakiona giza saa tisa na nusu mchana hawachelewi kitandani.

Otis wa Kisumu
Niaje buda. Andika tu "moi". Hiyo ndio yote, wacha kujisumbua.

Turku Mkavu
Otis usimpoteze, moi ni salamu tu, haimjulii mtu hali. Unamwambia hata keshia na hakuna anayesimama kusikiliza zaidi.
Mleta uzi, kumjulia mtu hali kuna mbili utakazozisikia kila siku. "Mitä kuuluu?" na ukitaka iwe ya karibu zaidi "Mitä sulle kuuluu?", hiyo sulle ndio sinulle ya kitabuni imekatwa, mtaani sinulle husikii. Ya pili "Miten menee?", hii nyepesi zaidi. Angalia majibu, ya kwanza wanajibu "hyvää", ya pili wanajibu "hyvin", ukigeuza utaeleweka ila watajua umekuja juzi. Na wengi hata hiyo hyvää tupu hawakupi, utapewa "no ihan hyvää" au "ei mitään erikoista" yaani hamna jipya, na hapo ujue mtu yuko vizuri kabisa. Zipo za kihuni kama "mitä äijä?" ila hizo wanaume wenyewe kwa wenyewe, inategemea huyo jamaa yako ni nani.
Kitu ambacho programu haikwambii ni kwamba huku huulizi hali kwa kila unayepishana naye. Sisi mtu katoka kufiwa asubuhi ukimwuliza habari anakwambia nzuri halafu ndio anaanza kueleza msiba. Mfini akikuuliza mitä kuuluu amekaa anasubiri jibu la kweli, na ukimwuliza wewe ujiandae kulipokea. Ndio maana nauliza, huyo ni nani kwako na hicho kitambo kidogo ni kitambo gani?

Mnyalu wa Kaskazini
Shukrani sana mkuu, umenyoosha. Ni rafiki tu. Kitambo ni toka kiangazi hivi.

Kisima cha Newala
Wafini msinifundishe mimi wa Mtwara. Miradi ya maji vijijini miaka ya 70 Mtwara na Lindi walileta wao, baba yangu mdogo alikuwa fundi pampu anazunguka nao kwenye Land Rover. Alikuwa anatuhadithia kuna mmoja ukimwuliza "habari za nyumbani" anakaa kimya, anafikiria kabisaaa, halafu anakujibu "mke wangu ana mafua na kuku mmoja amepotea". Watu wakawa wanamwuliza makusudi ili wasikie ya leo. Lakini pampu zake zilitoa maji bwana, na siku anaondoka kijijini walilia. Siku hizi nani analilia mhandisi.

Mwanakwerekwe
Mie naona vijana mnakimbilia kishkaji kishkaji. Huyo mtu ana umri gani? Kama kakuzidi umri muamkie kwa heshima yake, Kifini lazima wana shikamoo yao.

Turku Mkavu
Hawana bibie. Huku sä, yaani wewe, ni kwa wote, bosi wako unamwita jina lake la kwanza, mwalimu jina la kwanza, daktari pia. Hiyo voitte ya heshima labda kwa kikongwe sana au sehemu rasmi mno. Ukimwita te, ile nyinyi ya heshima, mama wa miaka hamsini anaweza hata akachukia, anaona umemzeesha.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Mimi Kifini sijui ila watu nawajua. "Rafiki tu". "Isiyo na uzito". "Leo leo". Kaka kuna kitu umekikalia hapo, mtu hawi na haraka hivyo kumsalimia rafiki tu.

Mnyalu wa Kaskazini
Jamani mbona mnanichimba, nimeuliza salamu tu.
Haya. Kuna kahela kake ninacho. Euro 600. Alinisaidia wakati nahamia chumba, mwenye nyumba alitaka takuuvuokra ya miezi miwili mkupuo, ile dipoziti yao, na mimi sikuwa nayo. Tulikubaliana nirudishe kidogo kidogo ila mambo hayakukaa sawa, kazini wakatupunguzia zamu. Sasa nimepata mchongo mwingine wa kazi wanataka jina na namba ya mtu niliyewahi kufanya naye kazi wampigie. Huyo ndio mtu pekee anaweza kuniongelea vizuri. Ndio maana naanza na salamu kwanza, siwezi kuibuka tu na shida, huo sio ustaarabu tuliolelewa nao.

Otis wa Kisumu
😂😂😂 Buda unataka salamu ama unataka loan ya pili?

Kipanga Mweusi
Kumbe mada ni deni. Dawa ya deni kulipa, funga uzi.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Nilijua!! Unaingia mitini miezi yote hiyo halafu unarudi na mambo vipi. Mimi kuna shoga yangu alinikopa laki tatu za kitchen party ya dada yake, kila nikimpigia simu inaita mpaka inakatika, juzi kaniandikia "my dear umeadimika". MIMI ndio nimeadimika. Nimeitazama ile meseji siku nzima nikashindwa nicheke au nilie. Na sijamjibu mpaka leo, na bado kanitumia tena mwaliko wa kikao cha harusi nyingine.

Mnyalu wa Kaskazini
Dada pole ila mimi sijaingia mitini. Nilikuwa najipanga. Na yeye hajawahi kunidai, ukweli ni kwamba meseji ya mwisho ni yake, mwezi wa nane, aliandika "Miten jaksat?" Nikaiweka kwenye kutafsiri ikaniletea kitu kama "unavumiliaje", nikaona hapa naulizwa nitavumilia mpaka lini na hela ya mtu, nikauchuna. Mngekuwa nyie mngejibu nini?

Turku Mkavu
Aisee.
Miten jaksat mara nyingi anaulizwa mtu ambaye unajua ana mzigo, anaumwa, kafiwa, kakosa kazi. Hapa kwetu zahanati ninapofanya kazi manesi wanawauliza wagonjwa hivyo, na mimi nilipofiwa na mama watu wa kazini ambao mwaka mzima hatujaongea zaidi ya moi walikuja mmoja mmoja, miten jaksat, halafu wanasimama hapo hapo na kikombe cha kahawa mpaka nijibu. Mmoja alisimama nikawa sina cha kusema, akasimama tu. Ukimjibu "ihan ok" mnaachana, ukisema "en oikein jaksa" yaani nguvu zinaniishia, anakaa. Huyo alijua mmepunguziwa zamu?

Mnyalu wa Kaskazini
Alijua. Alikuwa msimamizi wangu, yeye mwenyewe ndio alinipigia kuniambia kabla barua haijatoka. Ni mama mtu mzima, ana roho nzuri sana.

Kipanga Mweusi
Ngoja ngoja ngoja. MAMA? Si ulisema jamaa?

Dokta Chai
Niliingia kimya kimya nikasoma yote, sasa nasema. HII NI CHAI. Na imekolea tangawizi.
Jamaa amegeuka mama. Rafiki tu amegeuka msimamizi. Meseji ya kishkaji imegeuka deni, deni limegeuka kazi mpya. Halafu mtu anasema Kifini chake cha kuokoteza lakini ä zake zote zina vidoti mahali pake na takuuvuokra kaiandika bila kukosea herufi, mimi hata kuitamka siwezi. ID yenyewe ni ya wiki hii. Uzi kama huu uliletwa humu humu, ilikuwa Uturuki, deni la dola, na mwisho mleta uzi akaanza kuomba nauli. Kaeni mkao wa kula, namba ya kutuma mchango inakuja.

Otis wa Kisumu
Marioo wa Tampere 😂 msimamizi anakulipia nyumba, anakuuliza unavumiliaje, na wewe unajifanya hujui lugha.

Mnyalu wa Kaskazini
Ndio maana nilisema jamaa! Nilijua nikisema mama tu mtaanza hayo. Ana mume na wajukuu, huyo mume wake ndio alinibebea kitanda kwenye gari lake. Vidoti ni kwa sababu simu niliinunua huku, kibodi inakuja nayo. Takuuvuokra nimeiona kwenye mkataba mpaka naiota, we ukidaiwa kitu utakosea kukiandika? Sijaomba mchango wa mtu na sitaomba. Nimeuliza salamu.

Mama Furaha wa Uvira
Ndugu zangu acheni kumcheka. Mimi niko Finland, nilikuja na watoto kwa njia ya wakimbizi, najua vile anasema. Hata mimi mwanzo jirani alikuwa ananiambia moi, siku moja akaniuliza mitä kuuluu, nikasema hyvää hyvää kumbe siku hiyo mtoto alikuwa hospitali. Kesho akasikia kwa watu wengine. Akaja mlangoni, hakukasirika kwa mdomo, lakini niliona ameumia, akasema kwa nini hukuniambia, mimi nilikuuliza. Kwetu kusema nzuri ni adabu. Kwake nilimfungia mlango.
Na yeye kusema jamaa siyo uongo, hata Kifini ni hän kwa mwanaume na mwanamke, ni sawa na yeye yetu. Mlifikiri mwanaume ninyi wenyewe.

Dokta Chai
Mama Furaha nakuheshimu sana lakini na wewe ID yako ina posti mbili.

Mama Furaha wa Uvira
Niko na watoto watano baba, posti nitaandika saa ngapi.

Mwanakwerekwe
Hapo kakujibu 😄
Mie narudi kwenye heshima. Huyo mama kamsitiri kijana wa watu ugenini, kamtafuta kwa kumjulia hali, kijana kanyamaza. Kwetu hiyo huendi na WhatsApp, unavaa unakwenda mwenyewe na chochote mkononi.

Turku Mkavu
Huku ukitokea mlangoni bila taarifa ndio utamtisha kabisa. WhatsApp inatosha. Ila usianze na mitä kuuluu kavu kama vile hakuna kilichotokea, maana wewe ndio uliulizwa ukakaa kimya. Mjibu alichouliza. Andika hivi, kopi tu:
"Moi! Pitkästä aikaa. Anteeksi, että vastaan vasta nyt. Oon sulle vielä 600 euroa velkaa, maksan satasen kuussa. Mitä sulle kuuluu?"
Yaani umemwambia ni muda mrefu, samahani kwa kuchelewa kujibu, deni nalijua na nitalipa mia kila mwezi, wewe hali yako. Ya kazi usiiguse leo. Na kama una hata hamsini itangulize kwa MobilePay, ile ya kutumiana hela kwa simu, kabla ya kutuma maneno.

Kipanga Mweusi
Salamu nzuri kuliko zote, moi ya hamsini.

Mnyalu wa Kaskazini
Mkuu nashukuru ila hapo kwenye deni naona kama najitia kitanzi kwa maandishi. Kuandika 600 kabisa na mia kwa mwezi, mwezi huu nikikosa je? Yeye mwenyewe hajaitaja, mimi niitaje ya nini. Na wale wa kazi wanataka jina kesho mchana, nikisema ya kazi nisiiguse leo nitaigusa lini? Acha nianze kiungwana, mengine yatajileta yenyewe kwenye maongezi.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Kumbe ulishaamua, ulikuja tupige makofi.

Mnyalu wa Kaskazini
Nimetuma. "Moi! Pitkästä aikaa. Mitä sulle kuuluu?" Basi.

Otis wa Kisumu
Blue tick?

Mnyalu wa Kaskazini
Kajibu!!! Hata dakika kumi hazijaisha. "Moi! Kiva kuulla susta. Ihan hyvää, entä sulle? Löysitkö töitä?" Nimeelewa hyvää na entä sulle, hiyo ya mwisho nini? Ananidai?

Turku Mkavu
Anasema amefurahi kukusikia, yeye mzima, wewe je. Na hiyo ya mwisho anakuuliza kama umepata kazi.

Mnyalu wa Kaskazini
Kumbe anaileta mwenyewe! Sasa hapo hapo namwambia ya jina au nimalizie salamu kwanza?

Turku Mkavu
Jibu alichouliza. Kazi hujapata, hela hujasahau. Hayo mawili, hata kwa Kiingereza.

Dokta Chai
Mimi nasubiri skrinishoti.

Kisima cha Newala
Skrinishoti ya nini, wewe Kifini utasoma? Yule fundi wa pampu aliacha daftari lake kwa baba mdogo, limeandikwa Kifini mwanzo mwisho, kama kuna mtu anasoma niligeuze picha nililete humu. Nadhani kuna mahali kaandika habari za yule kuku.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Lilete 😂😂

Kipanga Mweusi
Mleta uzi yuko wapi? Saa nzima kimya.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Ndio tabia yake, mtamzoea.

Mkaa Bandarini
Wakuu nimechelewa kufika. Hizo kazi za usafi huko Finland wanalipa ngapi kwa saa na lazima ujue lugha?