Mboga bila dawa za dukani: hapa Mtwara niuze fungu bei gani?

MkulimaMangamba
Wakuu, habari za leo. Nina bustani Mangamba: mchicha, matembele, figiri na bamia. Naweka samadi, wadudu nawapulizia maji ya majani ya mwarobaini, viwavi naokota kwa mkono. Shida ni bei. Sokoni fungu la mchicha ni 500. Nikitaja 800 mama anahamia meza ya pili. Nilipita Shangani nikauliza watu 12 kama wangelipa 1,000 kwa mboga isiyo na dawa. Tisa wakasema ndiyo. Nilipopeleka, wakanunua watatu. Nakosea wapi? Siku nyingine nawaza kurudia dawa, ila roho inakataa, maana wanangu wanakula humohumo.

Bibi Shamba
Pole mwanangu. Mtu ukimwuliza "ungelipa?" anakujibu kwa heshima tu, mkono haujaingia mfukoni. Acha kuuliza, pima. Wiki hii uza 600, wiki ijayo 700, kwa wateja walewale, na uandike kwenye daftari mafungu mangapi yamerudi.

Korosho_Newala
Mkuu, tuta moja la mchicha linakugharimu kiasi gani?

MkulimaMangamba
Samadi 4,000, mbegu 2,000, maji 6,000, kibarua 12,000, bodaboda 3,000. Napata mafungu 60, kama 10 hivi hunyauka mezani.

Korosho_Newala
Hiyo ni 27,000. Mafungu 50 kwa 500 ni 25,000. Kila tuta unapoteza 2,000 ndugu yangu, na jasho lako hujaliandika! Kwa 700 unapata 35,000. Kwa hiyo 500 si bei yako hata kama soko zima linauza hivyo. Shikilia wale watatu, wapelekee kwa oda, uvune kilichoagizwa tu, kunyauka kutapungua. Na uangalie msimu: minada ya korosho ikianza Oktoba pesa inazunguka, ndipo upandishe. Masika kila mtu ana mchicha nyuma ya nyumba, hapo usiguse bei.

Dada wa Mikindani
Mimi naomba nikuulize jambo, kaka. Jirani yako ana mikorosho? Juni hadi Agosti watu wanapulizia dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na upepo wa kusi unavuma, unaweza kuileta kwenye mboga zako. Salfa viwango vya kilimo hai vinairuhusu, lakini wengine wanatumia dawa za maji ambazo haziruhusiwi. Mimi ni mnunuzi, nina mtoto mdogo. 1,000 natoa bila kinyongo nikiwa na hakika. Neno la muuzaji peke yake halinitoshi. Ipo nembo ya Kilimohai ya kuweka kwenye mazao, inafuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, na wakulima wadogo wanaweza kukaguana kikundi kwa kikundi badala ya kulipia mkaguzi wa mbali. Waulizeni TOAM, shirika la kilimo hai Tanzania.

MkulimaMangamba
Asanteni sana. Dada, upande wa kusi kuna mikorosho ya mzee mmoja, hatua kama ishirini tu. Sijawahi kumwuliza anapuliza nini. Kesho asubuhi naenda kwake, na nitapanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, mpakani yazuie dawa. Wale watatu naanza nao kwa 700, Jumatano na Jumamosi.