Nyumbani au ofisini: ni tabia ya mtu au ni ofisi yenyewe?

mkimya_wa_kona: Wakuu naombeni mawazo. Mimi si mtu wa maneno mengi, nikifanya kazi nyumbani kichwa kinatulia kabisa, lakini mwenzangu tulioanza naye siku moja anasema akikaa ndani siku mbili tu anakosa raha, bila watu kazi haiendi. Hivi hii ni tabia tu au ofisi nayo inachangia?

Bi Faili: Inachangia sana ndugu yangu. Nilikuwa sehemu ambayo bosi anapita nyuma ya viti anachungulia skrini, ukiinuka kunywa maji anaangalia saa, hapo hata mchangamfu namba moja atataka kubaki kwake. Nilipohamia wanakoangalia kazi iliyoisha, siku hizi naenda ofisini bila kuitwa.

dawati3: Kuna jaribio lilifanyika Ctrip, kampuni ya usafiri ya China, likachapishwa 2015. Waliofanyia kazi nyumbani siku 4 kwa wiki ufanisi ulipanda asilimia 13, ila walipoachiwa wachague wengi walirudi ofisini, upweke uliwachosha. Na vyeo walipata kidogo kuliko kazi yao ilivyostahili, yaani asiyeonekana anasahaulika. Hilo si tabia, ni utaratibu wa ofisi.

mkimya_wa_kona: Hapo kwenye vyeo umenigusa mkuu, kwetu pia mambo makubwa yanaamuliwa kwenye korido, sisi wa kwenye simu tunaambiwa baadaye. Kesho namwuliza bosi kama maamuzi yanaweza kuandikwa kwenye grupu la kazi.