Waliokulia ufukweni Kisumu, tupeane uzoefu

Mtoto wa Dunga: Jana nimepita pale Lwang'ni, ule ufukwe wetu wa kula samaki, nikashuka kwa boda nikasimama tu kama mjinga. Si mnakumbuka vile vibanda vya mabati, moshi mpaka barabarani, unachagua ngege (tilapia) wako akiwa mbichi halafu unangoja akaangwe? Vilibomolewa wakati bandari inafufuliwa na mimi sijawahi kuzoea. Wenye walikulia Dunga, Usoma, popote ufukweni, leteni kumbukumbu. Hata zile mbaya.

Omena Kavu: Jumapili baada ya kanisa, mkono mmoja ugali, mwingine unafukuza nzi. Na kwani Lwang'ni maana yake ni nini, si ni nzi wenyewe.

Msafi: Mnalilia nini? Magari yalikuwa yanaoshwa ziwani hapo hapo kando ya sahani zenu. Mlikula ngege na sabuni.

Omena Kavu: Na bado uko hai unaandika.

Kafi Moja: Mimi yangu ni ya magugu maji. Ilikuwa ile miaka ya tisini mwishoni, yale magugu yamejaa Ghuba ya Winam mpaka ndege wanatembea juu yake kama uwanjani. Nilikuwa darasa la sita, baba akanibeba twende kutoa nyavu. Tukirudi jioni, upepo wa kutoka ziwani ulikuwa umeyasukuma yote ufukweni, Dunga imefungwa kabisa. Tunaona nyumbani jamani! Tunaona moshi wa jiko la mama, lakini mashua ikiingia kidogo inakwama, unasukuma na kafi, inazama kwa mizizi, ukivuta inatoka na tope na harufu ya kitu kilichooza. Baba akajaribu kushuka ayakate na panga, akaingia mpaka kifuani, nikalia vile sijawahi kulia maana niliona kichwa tu. Akarudi ndani akakaa kimya. Giza likaingia. Mama akawa anapiga kelele kutoka ufukweni, "mko?" baba anajibu "tuko, funika ugali." Baada ya muda tena, "mko?" "Tuko." Halafu kiboko akaanza kukoroma karibu, humwoni, unasikia tu maji yakipumua, na baba akaniwekea mkono mdomoni na mama anaita "mko?" na hatuwezi kujibu. Akaita mara tatu. Mara ya nne nikasikia wanawake wengine wameanza kulia naye. Karibu alfajiri upepo wa nchi kavu ukayasukuma nyuma, njia ikafunguka kama pazia, tukapita. Mpaka leo mtu akiniita mara mbili bila mimi kujibu natetemeka.

Omena Kavu: Woi. Nimesoma nimeshika mdomo wangu mwenyewe.

Nyar Nam: Hiyo ni kweli, sisi tulikwama hivyo mchana. Bora wangeleta wale wadudu wa kula magugu mapema.

Msafi: Wadudu walikula wapi, si yako bado?

Nyar Nam: Yalipungua bwana! Wewe ulikuwa Nairobi.

Nyalenda Chini: Kiboko ni mgeni wa kawaida. 2020 ziwa lilipopanda likaingia mpaka majumbani, yeye akaingia na maji akalala kwa sukuma wiki yangu. Ukikutana naye usiku mmulike tochi machoni.

Karabai: Usimmulike! Ukimmulika anaweza kushtuka. Muhimu usisimame kati yake na maji, maana akishtuka anakimbilia ziwani na wewe uko njiani.

Omena Kavu: Mimi napanda mti wowote, hata mpapai.

Mjukuu wa Bandari: Mnaongea viboko tu, hamsemi historia. Reli ilifika hapa 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na babu alikuwa anasema wavuvi walikuwa pale kabla ya hiyo jina.

Msafi: Na mbuta, yaani sangara? Wazungu walimleta miaka ya 1950 akala samaki wetu.

Karabai: Mbuta amelipa karo yangu, mwacheni.

Nyar Nam: Rudini kwa Kafi Moja. Mama alisema nini mlipofika?

Kafi Moja: Hakusema kitu. Alinishika masikio akaangalia kama ni mimi. Halafu akampiga baba na mwiko.

Mtoto wa Dunga: Na ule ugali uliofunikwa?

Kafi Moja: Uliliwa na majirani waliokuja kutuombea.