Tope la mikoko sakafuni, runinga ukutani: nilirashie maji au niliache?

Mwana Mikindani: Asalam aleikum wanajamvi. Nasimika kazi ya sanaa katika chumba cha nyumba ya zamani, Mji wa Kale, Mombasa. Sakafuni nimetandaza tope la mikoko la hori ya Tudor, na juu yake boriti kuukuu za dari lililobomolewa. Ukutani kuna runinga inayoonyesha palepale nilipolichota, siku ya bamvua: maji yanajaa, mizizi ya mchu inazama, kaa wanakimbilia mashimoni. Sasa taa na feni zimelikausha tope. Limepasuka vipandevipande, kingo zimetoa chumvi nyeupe, na ile harufu ya yai viza imekwisha. Mwenye nyumba ataka nilirashie maji kila asubuhi lifanane na picha. Rafiki yangu asema nifunge kamera huko horini, picha ije moja kwa moja. Nifuate lipi?

Bi Mkubwa wa Kuze: Usirashie, mwanangu. Harufu ile ni gesi ya vijidudu wanaoishi ndani ya tope lisilopata hewa. Umeshalitandaza, na maji ya mfereji hayatairudisha. Utabaki na tope la uani tu.

Mwaka 1968 msanii wa Marekani Robert Smithson alichukua mawe ya Franklin, New Jersey, akayatia katika masanduku ya mbao, na kando akaweka picha ya mahali hapo iliyopigwa kutoka angani. Lakini mawe hayakauki. Lako lakauka mbele za watu huku runinga ikishikilia kuwa maji yanajaa. Mtu akiingia siku ya kwanza ataiamini picha. Akija wiki ya pili ataanza kuishuku. Hapo ndipo penye kazi yako, wewe wataka kupaziba kwa ndoo!

Kamera ya moja kwa moja ilimfaa msanii Nam June Paik mwaka 1974, alipoiweka sanamu ya Buddha ijitazame kwenye runinga, maana sanamu haibadiliki. Kwako watu watakaa kungoja kaa.

Fundi Chokaa: Sanaa siijui, chokaa naijua. Tope la chumvi juu ya sakafu ya chokaa litaila. Umetandika turubai chini?

Mwana Mikindani: Shukran Bi Mkubwa, kamera naiacha. Fundi, nimetandika gunia tu.

Fundi Chokaa: Gunia lanyonya. Litoe leo, kabla mwenye nyumba hajaliona.