Final Fantasy kuikwepa Nintendo 64: udogo wa kaseti au hesabu za pesa?

Mleta mada:
Wakuu, hili bado linanikereketa. Gemu sita za mwanzo za Final Fantasy, kuanzia 1987 hadi 1994, zote zilitoka kwanza kwenye mashine za Nintendo. Mwaka 1996 Square, watengenezaji wake, wakatangaza kuwa ya saba inakwenda PlayStation, mashine ya Sony inayotumia CD, na Nintendo 64, mashine ya kaseti, ikaishi mpaka ikafa bila kuonja hata moja. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: kaseti ilikuwa na nafasi ndogo, gemu lilijaa CD tatu, kwisha habari.

Mimi sikubali. Hizo CD tatu zinatudanganya. Ramani na mapigano mengi yamerudiwa kwenye kila CD; kinachobadilika hasa ni video. Muziki nao karibu wote haukurekodiwa, ni noti zinazopigwa na chipu ya sauti ya mashine yenyewe, na noti hazili nafasi. Toa video, linabaki gemu dogo kuliko linavyosifiwa.

Kilichoamua ni pesa. Final Fantasy VI iliuzwa Japani yen 11,400, kwenye kaseti. Ya VII, kwenye CD, yen 6,800. Kaseti unaziagiza kupitia Nintendo mapema, unalipa mapema, unasubiri. Ukiagiza nyingi zikadoda, hasara ni yako. Ukiagiza chache, mteja anaondoka mikono mitupu wakati wewe unangoja mzigo mwingine. CD zinachapishwa kwa bei chee, zikiisha zinachapishwa tena upesi. Ungekuwa wewe mwenye mtaji ungekwenda wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, “toa video” unaisema kirahisi sana. Kumbuka pale mwanzo wa ya VII: nyota, kisha uso wa Aerith, yule muuza maua, kwenye mwanga wa kijani. Anatoka kichochoroni na kapu lake la maua, kamera inapaa hadi jiji zima la Midgar liko chini yako, halafu inashuka huku treni ikimulikwa hapa na pale, mpaka stesheni. Cloud, mhusika mkuu, anaruka kutoka juu ya behewa, na ghafla unagundua ni wewe unayemwendesha. Hujaona video ilipoishia. Hilo ndilo lililouza gemu, si mapambo. Super Mario 64, iliyozinduliwa pamoja na mashine yenyewe mwaka 1996, ilikuwa megabaiti 8. CD moja inabeba zaidi ya 600. Hapo unabana nini?

Mchangiaji wa pili:
Mbona gemu la Resident Evil 2 lilibanwa? CD mbili za PlayStation, studio ya Angel Studios wakazishindilia kwenye kaseti ya Nintendo 64 ya megabaiti 64, video zikiwemo. Zimefifia, ndiyo, lakini zimo. Asiyetaka hakosi sababu.

Mleta mada:
Wa pili ananitetea, ila tusidanganyane: hiyo ni 1999. Hata Ocarina of Time, gemu la Nintendo wenyewe la 1998, lilikuwa megabaiti 32. Square hawakuwa na kaseti ya aina hiyo ya kupangia mwaka 1996, hapo nimesalimu amri. Na 64DD, kile kifaa cha diski ambacho Nintendo walikiahidi muda mrefu, kilitoka Japani Desemba 1999, diski yake megabaiti 64 tu. Mvua imeshanyesha, wao ndio kwanza wanaleta mwavuli.

Lakini mchangiaji wa kwanza nijibu hili. Dragon Quest, mfululizo wa magemu wa kampuni ya Enix, haikuwahi kutamba kwa video. Ni maandishi, vijiji na mapigano ya zamu, na zote sita za mwanzo zilizaliwa kwa Nintendo vilevile. Mwaka 1997 Enix nao wakatangaza kuwa ya VII inakwenda PlayStation, ikatoka 2000 ikiwa na sura ya kizee kabisa. Kama tatizo lilikuwa video, huyu naye alikimbia nini?