Kitabu cha njia za Udzungwa: tuchague kipi, na tukifika porini tukitumieje?

Mwana_Mikindani

Wakubwa shikamooni, wengine salaam. Kikundi chetu cha Mtwara, watu 9, kinajiandaa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mwezi wa 8: siku moja maporomoko ya Sanje, kisha njia ya Mwanihana ya siku tatu. Mwakani Kilimanjaro. Tumeonyeshwa vitabu vitatu vya mwongozo wa njia, vyote vya Kiingereza. Kimoja kinene chenye picha nyingi kinagusa Tanzania nzima, kimoja ni cha milima tu, cha tatu ni chembamba na cha zamani. Hela inatosha kimoja. Nikague nini kabla ya kulipa? Na tukishakuwa njiani kinatumikaje, maana watu wanne kati yetu hawasomi Kiingereza vizuri?

Karani_wa_Ramani

Ndugu yangu, picha zisikushike. Fungua kurasa za njia mnayokwenda na uzisome pale pale dukani. Kurasa mbili zinatosha kukuonyesha kama mwandishi aliitembea au aliisikia.

Aliyeitembea anakupa umbali, mwinuko wa mahali pa kuanzia na pa juu kabisa, muda, maji yako wapi, na alama unayoiona kwa macho kwenye kila njia panda. "Fuata njia iliyo wazi hadi kileleni" haikusaidii chochote kwenye msitu wa Udzungwa, ambako mti mmoja ukianguka njia inazunguka upya.

Kisha pima muda wake kwa kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiweka mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua Mwanihana. Njia ni kilomita 38. Mang'ula, lilipo lango la hifadhi, iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kilele kinapita mita 2,000, kwa hiyo weka mita 1,750 za kupanda. Kilomita zinakupa saa 7 na dakika 36, mlima unakupa saa 2 na dakika 55, jumla saa 10 na nusu bila kupumzika. Hiyo ni kwa mtu mwepesi kwenye njia safi. Kundi lenye mizigo, utelezi na mizizi, zidisha mara moja na nusu: karibu saa 16. Zigawe kwa siku tatu, unapata zaidi kidogo ya saa 5 za mwendo kwa siku, na siku za kupanda zitazidi hapo. Kitabu kikisema njia hiyo ni ya siku moja, kirudishe kwenye rafu.

Angalia pia ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Kuna mwaka wa toleo na kuna mwaka wa kuchapwa tena. Kitabu kilichochapwa upya juzi kinaweza kuwa na maneno ya miaka 15 iliyopita. Mwaka wa toleo ndio unaohesabika.

Kati ya vitatu vyako ningechukua cha milima. Kile chembamba usikidharau, kwa sababu mito na matuta hayahami. Ila viingilio, kambi na usafiri vilivyomo humo vichukulie kuwa vimepitwa. Hata kwenye kitabu kipya, bei huwa za wageni kwa dola. Raia tunalipa kwa shilingi na kwa viwango vyetu, kwa hiyo ulizeni hifadhi yenyewe, na kila mtu abebe kitambulisho chake cha taifa.

Binti_Rondo

Naongezea upande wa lugha, maana hapo ndipo makundi yanapoharibikiwa.

Kwanza saa. Kitabu kikisema kuondoka ni "7", hiyo ni saa 1 asubuhi. Anayewatafsiria akiandika "saa 7", wenzenu watajiandaa kwa mchana. Tena Kiswahili chetu kinatumia "saa" kwa wakati na kwa muda, basi kwenye karatasi yenu andikeni "mwendo wa saa 7" kwa muda, na "saa 1:00 asubuhi" kwa wakati. Msifupishe.

Pili, kushoto na kulia kwa mto. Vitabu vingi vya milimani vinahesabu ukingo kwa kutazama kule maji yanakoelekea. Ninyi mkipanda mnatazama maji yanakotoka, kwa hiyo ukingo wa kushoto wa kitabu uko mkono wenu wa kulia. Hapo pa Sanje, maji yanaposhuka mita 170 kwa hatua tatu, kukosea ukingo ni kujikuta juu ya mwamba usio na njia. Tafsirini kwa vitu: "mto uwe mkono wa kushoto, jabali mbele".

Tatu, futi na maili. Futi elfu moja ni mita 305, maili moja ni kilomita 1.6. Badilisheni nyumbani mkiwa mmetulia.

Na majira. Huku kwetu Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja wa mvua, wakati vitabu vingi vinaandika masika na vuli za kaskazini kama za nchi nzima. Mwezi wa 8 mko salama, ni kiangazi. Lakini mtu akienda mwezi wa 4 na kitabu kimeandika "vuka kijito", ajue aliyeandika alivuka kiangazi.

Mwana_Mikindani

Asanteni sana. Maswali mawili zaidi. Tukiwa na kitabu na ramani kwenye simu, bado tunahitaji mwongozaji? Na ramani ya karatasi ina maana yoyote siku hizi?

Dira_ya_Newala

Mwongozaji ni lazima, kaka. Udzungwa haina barabara za magari ndani, ni kwa miguu tu, na njia ndefu kama Mwanihana huendi bila askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya tembo na nyati. Kilimanjaro nako hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Kazi ya kitabu ni kuwafanya muulize maswali ya maana langoni: kijito cha kilomita ya sita kina maji sasa? Njia ya zamani bado inapitika? Kitabu kikisema hivi na askari akasema vile, mfuateni askari, kisha andikeni tofauti hiyo pembeni ya ukurasa kwa penseli pamoja na tarehe.

Ramani ya karatasi ina maana kubwa. Chini ya miti mizito simu inayumba, betri inakwisha. Tafuteni ile ya serikali ya 1:50,000. Sentimita 2 ni kilomita moja, na mistari ya kontua inaonyesha mlima ulivyo: ikibanana ni mwinuko mkali, ikiachana ni tambarare. Someni pembezoni kama namba ni mita au futi.

Sasa mtego ambao karibu kila mtu unamnasa. Ramani hizo zimejengwa juu ya kipimo kinachoitwa Arc 1960, yaani msingi wa kuhesabia namba za mahali, wakati simu yako inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ukaziingiza kwenye simu bila kubadili, unakosea karibu mita 300, yaani milimita 6 kwenye karatasi. Kwenye ukingo wa korongo mita 300 ni upande wa pili kabisa. Kama programu yako ina uwezo wa kuchagua Arc 1960, chagua hiyo, na kanda ya ramani (UTM) iwe 37 kusini. Vitabu navyo vinatofautiana. Kama hakisemi namba zake ni za kipimo gani, usizitumie kwa kuvuka wala kutafuta njia panda.

Mfanye zoezi kabla ya kusafiri. Nendeni Newala na karatasi ya ramani ya pale, msimame Shimo la Mungu ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Kontua zinavyobanana kwenye karatasi na mnavyoona chini ya miguu yenu vinafundisha kwa nusu saa kuliko wiki ya darasani. Walio Lindi waende Rondo.

Karani_wa_Ramani

Kuhusu kukitumia njiani: kitabu kizima kibaki kwenye begi la mtu mmoja. Kila siku iwe na karatasi moja ya A4 kwa Kiswahili, maandishi makubwa: jina la kituo, kilomita kutoka mwanzo, mwinuko, wakati wa kufika, maji, na saa ya kugeuka, yaani ikifika mnarudi hata kama hamjafika. Jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na giza la kwetu halichelewi zaidi ya nusu saa. Siku ya Sanje pangeni kuwa mmeshatoka msituni saa 11. Hesabuni kurudi nyuma kutoka hapo.

Stesheneri waambie wakutolee kwa fotokopi au printa ya wino wa unga (leza). Printa ya wino wa maji itawaachia karatasi ya bluu iliyochuruzika mvua ya kwanza. Nakala tatu, kila moja kwenye bahasha ya plastiki: ya anayetangulia, ya wa katikati, ya wa mwisho.

Maji wekeni lita 3 kwa mtu kwa siku. Ya mtoni yachemke dakika 1, na mkiwa juu ya mita 2,000 dakika 3.

Kwa Kilimanjaro ya mwakani, ile kanuni ya Naismith muiache hapa hapa. Juu ya mita 3,000 kinachotawala ni hewa, na ushauri wa kitabibu ni mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Njia ya Marangu inatoka kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi kambi ya Kibo, mita 4,720, kwa siku moja. Kwa hiyo mkikuta kitabu kina ratiba ya siku 5 na ya siku 6, chukueni ya siku 6, ile inayolala Horombo mara mbili wakati wa kupanda.