Dizaina sio mpaka rangi, nimechoka kuitwa mwishoni kupamba skrini

Wakuu habari za saa hizi, naandika nikiwa na hasira na wala sifichi.

Kazi yangu ni dizaini ya intarakisheni, yani kupanga mtu na mashine waelewane vipi: aulizwe nini kwanza, ajibiwe nini, akikosea arudi kwa njia gani. Juzi kati kampuni moja (jina naliacha) wakanichukua kwenye mradi wa kukusanya michango ya vikoba kwa simu. Kuna apu, na kuna menyu ya kupiga nyota na reli kwa wenye vitochi. Siku ya kwanza tu meneja ananiambia "wewe shughulika na apu, ile menyu haina dizaini, ni maandishi tu".

Haina dizaini! Skrini moja ya USSD, yani hiyo menyu ya nyota na reli, inakupa herufi 182 basi, hakuna rangi, hakuna picha, hakuna kitufe, umebaki na maneno na mpangilio wake, sasa kama hapo hakuna dizaini basi iko wapi? Na wanachama wengi wako hukohuko kwenye vitochi.

Nikaenda kwa nauli yangu Mbagala, nikakaa mkekani na akina mama siku ya kikao chao nikawa naangalia tu. Mama analipa mchango, anaweka namba ya siri, skrini inaandika "Ombi lako limetumwa", halafu kimya. Limetumwa wapi? Hela imefika au haijafika? Zimepita dakika tano hakuna meseji, mama anadhani haijaenda, anarudia, anakatwa mara mbili. Mwenzake akaogopa kurudia, kumbe yake kweli haikwenda, akala faini ya kuchelewesha. Niliumia sana aisee.

Na kosa hili ni la zamani mno. Mwaka 1979 kule Marekani, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, taa kwenye paneli ilizimika kwa maana kwamba amri ya kufunga valvu imeshatumwa, waliokuwa zamu wakaelewa valvu imefungwa, kumbe imekwama wazi, maji ya kupoza yakaendelea kutoka zaidi ya masaa mawili na sehemu ya kinu ikayeyuka. Mashine iliwaambia ilichoagiza, kilichotokea haikuwaambia. Ndo "Ombi lako limetumwa" yenyewe hiyo!

Nikaandika ripoti. Jina la kikundi na kiasi vionekane kabla ya namba ya siri, kisha jibu liwe moja kati ya matatu: imefika / haijaenda, hela yako ipo / bado tunasubiri, usirudie. Nilihesabu herufi moja moja, zinaingia na nafasi inabaki. Developa alikuwa tayari kabisa, hana shida yule kijana. Meneja akasema hao wanahitaji kuelimishwa tu, wewe tuongezee mvuto kwenye apu. Hao akina mama wanatunza hesabu za watu thelathini kwenye daftari bila kupotea shilingi, ndo wa kuelimishwa?

Bill Moggridge ndiye aliyechora umbo la GRiD Compass, laptop ya mwaka 1982, na alipoanza kuitumia akagundua lile boksi alilolihangaikia analisahau, kinachomshughulisha ni yaliyomo kwenye skrini, baadaye yeye na Bill Verplank ndo wakaipa fani yetu jina. Mtu wa maumbo kabisa aliliona hilo miaka ya themanini, sisi leo bado tunaambiwa tuongeze mvuto.

Wamezindua hivyohivyo. Jana mweka hazina wa kile kikundi kanipigia mimi, maana ndiye aliyeniona mkekani, anauliza hela za wanachama wanne ziko wapi, na sikuwa na la kumjibu.

Waliopitia haya, kwenye mkataba mnaandika kifungu gani ili dizaina awepo kabla menyu haijaandikwa, na ili huduma isizinduliwe kabla haijajaribiwa na watumiaji wenyewe? Nina mkataba mwingine wa kusaini wiki hii, sisaini bila hicho kifungu.